Mhuri ni wa kijiji: maneno kwa Halmashauri mpya na wananchi wake

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wananchi, uwanja wa shule ya msingi, katika mji wa njia panda ambako nilimalizia utumishi wangu nikiwa mtendaji wa kijiji. Waliokuwa safarini, mnadani na hospitalini wameiomba. Hii hapa, yote.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu Mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, wazee wetu, mama zangu, vijana wa bodaboda mliopaki pale chini ya mwembe: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee, shikamooni.

Nimeitwa niseme na wajumbe mliowachagua Novemba 2024. Nitasema nao, lakini nitasema na ninyi nyote, maana mambo ninayokuja nayo hayawezi kubebwa na wajumbe peke yao.

Hebu geukeni mtazame barabara kuu. Mnaona nini? Mnaona mji. Kuna kituo cha mafuta, kuna gesti, kuna mawakala wa fedha za simu wamepangana kuanzia stendi hadi sokoni, na usiku malori ya mahindi yanalala hapa hadi hayana pa kugeuzia. Sasa fungueni sheria. Sheria inaona kijiji. Wako wenzetu waliokwisha kuvuka, kama Kibaigwa kule Kongwa na Mikumi kule Kilosa, wakawa mamlaka za miji midogo. Sisi bado. Maana yake ni kwamba mji huu wote, na taka zake, na kelele zake, na viwanja vyake vinavyogombaniwa, unaendeshwa na Halmashauri ya Kijiji yenye watu wasiozidi 25.

Watu 25, ndugu zangu! Wengi wao ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, hawana mshahara wa kazi hii, na kikao chao cha kila mwezi wanakifanya kwenye chumba chenye meza moja na kabati moja.

Chombo hiki si kipya. Kilikuwapo tangu Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, wakati wa vijiji vya ujamaa, na sheria inayokiongoza leo ni ile ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sikilizeni vizuri: kwa wananchi. Haikusema kwa mwenyekiti. Haikusema kwa mtendaji. Na mtu akiniuliza madaraka hayo ya wananchi yanaonekana wapi, sitampeleka kwenye mwenge wala kwenye sherehe ya kukata utepe. Nitampeleka kwenye mhuri, kwenye daftari la mihutasari ya vikao na kwenye ubao wa matangazo.

Nianze na mhuri.

Katika mji mmoja nilikofanya kazi, kijana wa bodaboda alikamatwa siku ya Ijumaa kwa ugomvi wa stendi. Jumatatu akapelekwa mahakamani, dhamana ikawa wazi. Mama yake alitakiwa alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji, basi. Karatasi moja na mhuri. Mama akaenda ofisini, akakuta kufuli. Akaenda nyumbani kwa mwenyekiti, akaambiwa mzee amekwenda msibani kijiji cha pili. Na mhuri? Mhuri amekwenda nao, uko kwenye mfuko wa koti. Yule mama alipanda pikipiki kwa pesa ya kukopa, akamkuta mwenyekiti amekaa na waombolezaji, akapiga magoti pale pale mbele ya watu ili agongewe. Aliporudi mahakamani, hakimu alikwisha kuondoka. Mwanawe akalala mahabusu usiku mwingine.

Nani alimfunga yule kijana usiku ule? Polisi? Hakimu? Au ni koti?

Naliuliza hili kwa uchungu, kwa sababu karibu kila mtu aliyekaa hapa amewahi kuusubiri mhuri. Ukitaka mkopo, mhuri. Ukitaka kitambulisho cha taifa, mhuri. Mtoto amechaguliwa chuo, mhuri. Kikundi cha akina mama kinaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya wilaya, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nacho kinaanzia hapa hapa kwenye meza yenu, kwa barua na mhuri. Ninyi wajumbe mnaweza kudhani kazi yenu kubwa ni kujenga zahanati. Ni kweli, jengeni. Lakini mwananchi anaijua serikali yake kwa namna alivyopokelewa siku alipofuata barua.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayana gharama. Mhuri ulale ofisini, kwenye kabati lenye kufuli, na makabidhiano yake yaandikwe. Siku na saa za kazi ziandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, na namba ya simu ya zamu iwekwe. Kila barua inayotoka iingie kwenye rejista: nani, ya nini, tarehe gani. Na kama kijiji kimekubaliana katika mkutano kwamba kuna mchango wa barua, basi kila anayetoa apewe stakabadhi. Pesa isiyo na stakabadhi inaingia mfukoni mwa mtu, hakuna njia nyingine ya kulisema hili. Mwenyekiti atakuja na kuondoka. Mtendaji atahamishwa. Mhuri ni wa kijiji. Semeni nami: mhuri ni wa kijiji!

Jambo la pili ni muhtasari, na hapa mnivumilie kidogo, kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko yote na ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

Kulikuwa na kiwanja kikubwa karibu na mnada, katika kijiji ambacho nacho kilikuwa kimekua kikawa kama mji. Ng'ombe wanapumzika pale, watoto wanacheza mpira pale, na ikifika Idi watu wanaswali pale. Thamani ya ardhi ikapanda. Siku moja akaja bwana mmoja, mwenyeji kabisa, mtoto wa pale pale, akaweka mawe na kumwaga mchanga. Anasema lile ni shamba la marehemu baba yake. Ana mashahidi wawili, ana karatasi ya mkono. Watu wakapandisha hasira, vijana wakaanza kushika mapanga.

Baraza la Ardhi la Kijiji likakaa. Mnalijua? Wajumbe wake ni saba na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yao ni kusuluhisha, hawafungi mtu wala hawatozi faini. Wakasikiliza upande huu, wakasikiliza upande huu. Kila mtu anakumbuka, na kila mtu anakumbuka tofauti. Ndipo mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akasema: "Mbona mnabishana? Nendeni kwa mzee aliyekuwa katibu enzi zile."

Tukaenda. Mzee yule macho yalikuwa hayaoni tena vizuri. Akamwambia mjukuu wake avute sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani, mengine mchwa wamekula pembeni. Mjukuu akafunua moja, lingine, lingine. Tukaufikia ukurasa wenyewe, wa miaka ya themanini, mwandiko wa kalamu ya wino, umelala vizuri kama wa mwalimu. Umeandikwa kwamba Halmashauri ya Kijiji imeazimia eneo la magharibi mwa mnada, kuanzia mkuyu hadi korongoni, libaki la wananchi wote na lisigawiwe mtu yeyote. Chini yake orodha ya waliohudhuria. Waliojua kuandika wametia saini, wasiojua wameweka dole gumba kwa wino wa zambarau.

Na katika yale madole, dole la sita kutoka juu, pembeni limeandikwa jina. Jina la baba yake yule bwana.

Ule ukurasa ulisomwa barazani mbele yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo ni jina la mzee wangu." Kesho yake mawe yake akayaondoa mwenyewe. Hakuna panga lililoinuka, hakuna kesi iliyokwenda wilayani, hakuna wakili aliyelipwa. Wananchi waliokaa chini ya mti miaka ile, wakiwa na njaa zao na shida zao, waliwaachia watoto wao uwanja kwa sababu tu kuna mtu alikaa akaandika na wenzake wakatia sahihi.

Sasa nawauliza wajumbe mliokaa hapa mbele. Mihutasari yenu ya mwaka jana iko wapi? Iko kwenye simu ya mtendaji? Simu ikiibwa stendi, kijiji kimeibiwa nini? Iko kwenye karatasi zilizofungwa na pini, nusu imesainiwa na nusu haijasainiwa? Nunueni kaunta buku ya kwaya nne. Andikeni. Mwenyekiti asaini, katibu asaini, mahudhurio yawepo. Piga picha kama unataka, weka kwenye simu, lakini daftari liwe kabatini.

Na namna ya kuandika ina uzito wake. Nimesoma mihutasari mingi inayosema, "Suala la taka lishughulikiwe." Lishughulikiwe na nani? Lini? Kwa pesa gani? Niliona Halmashauri moja ikiandika maneno hayo kikao baada ya kikao, na lundo la taka nyuma ya soko linazidi kupanda, mbwa wanachimba, wauza samaki wanahama. Mwishowe mjumbe mmoja kijana akakataa kupitisha muhtasari. Akasema, "Naomba yaandikwe majina." Wakaandika kwamba mwenyekiti wa kitongoji fulani na mjumbe fulani wakaongee na vijana wenye maguta, wakubaliane bei ya kubeba, walete taarifa kikao kijacho. Kikao kijacho kilipofika, ajenda ya yatokanayo ikafunguliwa, katibu akasoma yale majina mawili kwa sauti. Wale wawili walikuwa na taarifa mkononi, na vijana wa maguta walikwisha kuanza kazi. Ndiyo maana nasema yatokanayo ndiyo ajenda kubwa kuliko zote. Mkisoma ya kikao kilichopita mnakuwa mnajihukumu wenyewe. Mkiiruka, mnakutana ili kunywa soda.

Jambo la tatu ni fedha, na najua hapa ndipo mlipokuwa mnasubiri.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa nani? Ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria inaupa mamlaka ya juu katika sera zote za kijiji. Unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Na katika mkutano huo lazima yasomwe mapato na matumizi. Si hisani ya mwenyekiti. Ni haki yenu.

Nimeshuhudia mkutano mmoja ambao sitausahau. Kijiji kilikuwa na choo cha soko, ukiingia shilingi mia mbili. Mtunza hesabu akasoma: tumepata kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, tumenunua ndoo nne za dawa ya choo. Akataka kupita haraka aende kwenye ajenda nyingine. Mama lishe mmoja, kanga kiunoni, masizi bado mikononi, akasimama. Akasema, "Samahani Mwenyekiti. Mimi jiko langu linatazamana na mlango wa choo. Niko pale tangu alfajiri hadi magharibi. Ndoo nimeiona moja. Hizo tatu ziliingilia wapi?"

Mkutano ukalipuka. Wengine wanacheka, wengine wanapiga makofi, na mjumbe mmoja anamfokea akae chini, ati anavuruga mkutano. Je, alikuwa anavuruga? Mama yule ndiye aliyekuwa anafanya kazi ya Mkutano Mkuu! Mwenyekiti wa siku ile, na hapa nampa heshima yake, alimnyamazisha yule mjumbe akamwambia mama aendelee. Mkutano ukachagua watu watatu, mama lishe akiwa mmojawapo, wakakague vitabu na kuhesabu ndoo. Kilichokutwa kilikuwa kibaya, na aliyehusika aliondolewa kwenye kazi ile na kurejesha pesa.

Lakini nataka mkitazame kilichofuata. Tangu siku ile hesabu ya choo ikawa inabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, kwa mkono, kwa kalamu ya maka. Watu wanapita wanasoma. Na Halmashauri ilipokuja kuomba mchango wa kumalizia boma la zahanati, mchango ambao watu walikuwa wameukwepa kwa muda mrefu, watu walitoa. Waliotoa tofali walitoa tofali, waliotoa nguvu walisomba maji. Mimi nilikuwa pale nikiandika majina. Kuna mzee alileta jogoo, akasema auzwe. Wananchi hawachoki kuchangia. Wanachoka kutojua.

Na mkiwa na hesabu safi mnapata ujasiri wa kwenda wilayani kudai ile sehemu ya mapato inayotakiwa kurudi kijijini. Utadaije hesabu kwa mwingine wakati yako hujaisoma kwa wenye mali?

Niseme machache ya ardhi, kwa sababu mji unapokua ardhi ndiyo inayowatia wajumbe majaribuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka Halmashauri ya Kijiji kuwa mdhamini wa ardhi, na mdhamini hana haki ya kugawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Akija mwekezaji na gari lake zuri, akakutana na wajumbe wachache gesti, wakasaini, hayo si makubaliano ya kijiji hata kama kuna mhuri. Na ile asilimia kumi ambayo watu wanatozwa wakiuziana viwanja mbele ya mwenyekiti, hakuna kifungu katika sheria hiyo kinachompa mwenyekiti asilimia kumi ya kiwanja cha mtu. Ikomeshwe.

Tena, mume anapokuja kuuza nyumba ya familia, msishuhudie mauzo hayo kabla hamjamsikia mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mjumbe ukisaini haraka haraka, umewatoa watoto nje usiku. Ulizeni tu: mama watoto yuko wapi? Mwiteni. Aseme kwa mdomo wake, iandikwe.

Kuhusu kelele za baa usiku, ambazo nimeona wazee wa msikitini na wachungaji wameniletea karatasi nizungumzie, mnayo dawa. Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mnaandaa rasimu, mnaileta kwenye Mkutano Mkuu watu watoe maoni, wenye baa nao wakiwamo, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Inachukua muda, ndiyo. Lakini mgambo anayekwenda kuzima redio ya mtu kwa amri ya mdomo anaanzisha ugomvi, na kesho amri hiyo hiyo ya mdomo itatumika kumfungia mama mboga genge lake.

Sasa nawageukia ninyi wananchi. Mara ngapi Mkutano Mkuu umeahirishwa hapa kwa sababu watu hawakufika? Mnalalamika kijiweni, mnalalamika kwenye magrupu ya simu, na mkutano ukitangazwa kwa kipaza sauti mnasema huo ni wa wazee. Vijana wa bodaboda, nyie ndio mnaolipa stendi. Mnajua inakwenda wapi? Akina mama, sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa Halmashauri wawe wanawake, na wapo, nawaona. Lakini nimekuwa kwenye vikao ambavyo mjumbe mwanamke anatumwa kuleta chai wakati ajenda ya fedha inajadiliwa. Chai ije kabla, au ije baada. Wakati wa ajenda ya fedha kila mjumbe awe kitini mwake.

Na ninyi wajumbe, kazi hii ni nzito na watu hawatawashukuru sana. Najua usiku mnagongewa milango kwa ugomvi wa ndoa, alfajiri mnaitwa kwenye ajali barabarani, mnatumia nauli zenu. Nawaheshimu kwa hilo kutoka moyoni. Msikubali uchovu huo uwafanye muamue mambo ya watu pembeni, mkiwa wawili wawili, kwa sababu ni rahisi zaidi. Leteni kikaoni. Andikeni. Someni mbele ya watu.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Nimemwona Mtendaji amekuja na daftari jipya, na mapato na matumizi ya robo hii ameyashika mkononi. Naomba asome sasa hivi, wakati watu bado wapo, kisha maswali yaanze na mama lishe, maana saa sita wana wateja.